Taa za Usiku na Inverta Isiyolala



Miongoni mwa barua zilizotufikia imo moja ya mama mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara, ambaye sasa anaishi shambani, nje kidogo ya mji wa Kitale. Swali lake laonekana dogo. Nguzo za umeme hazijafika kwao. Je, nyumba yake aiendeshe kwa umeme wa betri moja kwa moja, kama afanyavyo dadake mkubwa aliyeko upande wa Bungoma, ama aendelee na inverta aliyofungiwa na fundi? Lakini nyuma ya swali hilo mna usiku mmoja wa mwezi wa Julai, alioueleza kwa mistari minne tu. Kwa ajili ya usiku huo tuliona haifai kumjibu kwa barua. Tulisafiri, tukaziona nyumba zote mbili.

Familia nyingi za pwani zina jamaa katika pande hizo. Tangu karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipokuwa ikituama Mumias, Waislamu wameishi na kuoana magharibi mwa Kenya, na hadi leo mabinti zetu huolewa huko. Wengi wao huingia katika nyumba zisizokuwa na umeme wa serikali. Ni kweli kwamba mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa kuwaunganishia wananchi umeme, na ada ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Hata hivyo mradi huo uliwalenga walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Nyumba iliyo mwisho wa shamba la mahindi, ng'ambo ya kijito, hubaki ikingoja. Nayo nyumba haiwezi kungoja gizani.

Tuanze na usiku wenyewe. Mama huyu wa Kitale ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye pumu. Daktari amempa mashine ya kumvutisha dawa kwa mvuke, ile ambayo wengi waiita nebulaiza, nayo hutumia umeme wa volti 240 kama wa nyumba za mjini. Ndiyo sababu kubwa iliyomfanya akubali ushauri wa fundi wa kununua inverta. Fedha zilikuwa zake mwenyewe, za kushona sare za shule, alizoziweka katika chama kwa miaka miwili. Fundi alifunga paneli ya wati 200, betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, na inverta ya wati 1,000. Taa, simu, televisheni na mashine ya mtoto, vyote vikaunganishwa kwenye inverta.

Miezi ya kiangazi mambo yalikwenda vyema. Ikaja Julai, mawingu yakatanda juu ya Trans Nzoia siku mbili mfululizo. Usiku wa pili, yapata saa saba, mtoto alibanwa na kifua. Mama aliiwasha mashine. Inverta ikalia mlio wa onyo, kisha ikajizima, na nyumba nzima ikawa giza. Mashine ile ilikuwa imefanya kazi kwa muda usiozidi dakika moja. Walitumia pampu ya kuvuta kwa mkono huku babake akimulika kwa simu, hadi jirani alipowasha gari wakamfikisha hospitali. Alhamdulillahi, mtoto alipona. Lakini mama hakulisahau swali lililomjia njiani: umeme wote ule ulikwenda wapi?

Kabla ya kumjibu, tueleze maneno mawili kwa wasomaji wasioyazoea. Umeme utokao kwenye paneli na betri huenda upande mmoja tu, bila kugeuka. Wataalamu wa lugha wauita mkondo mnyoofu, na mafundi husema disii, jina ambalo wazee wetu wakilisikia humkumbuka mkuu wa wilaya. Umeme wa nguzo hugeuka huku na huku mara 50 kwa kila sekunde, nao ni mkondo geu. Inverta ni chombo kinachochukua mkondo mnyoofu wa betri, volti 12 au 24, na kuugeuza kuwa mkondo geu wa volti 240. Kazi hiyo haifanyiki bure. Sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, na inverta yenyewe hula umeme muda wote iwapo imewashwa, hata kama hakuna kilichochomekwa.

Tuliketi sebuleni kwa mama huyu na daftari lake la hesabu za ushonaji, tukaandika. Ana taa sita za wati 5, zinazowaka saa tano kila usiku: hizo ni wati-saa 150. Simu tatu hula takriban wati-saa 45. Televisheni ya wati 40 kwa saa tatu ni wati-saa 120. Jumla ni 315. Kwa kuwa vyote vyapitia kwenye inverta, na tukikadiria kwamba sehemu moja katika kumi hupotea humo, betri hutoa 350.

Kisha tukakisoma kijitabu cha inverta, ambacho bado kilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kiliandika kwamba chombo hicho kikiwa macho bila kazi hula wati 12. Wati 12 ni kidogo. Lakini chombo kilikuwa hakizimwi usiku wala mchana. Mara 24, hizo ni wati-saa 288 kwa siku. Mama alitazama namba hiyo akanyamaza. Inverta ilikuwa ikila karibu mara mbili ya taa zote za nyumba yake.

Sasa zijumlisheni: 350 na 288 ni 638 kwa siku. Betri yake, ikiwa ni ya risasi na asidi, yafaa isitumiwe zaidi ya nusu ili idumu, yaani kama wati-saa 600. Siku ya mawingu, paneli ile tuikadirie kuwa yaingiza 300 tu. Kila siku ya mawingu betri hupungukiwa na 338. Siku mbili hazimaliziki ila akiba imekwisha. Mashine ya mtoto, yenye wati 150 kwa dakika kumi, ilihitaji wati-saa 25 peke yake. Ilikosa 25 kwa sababu chombo kilichowekwa kiihudumie kilikuwa kimekesha kwa siku nyingi kikila akiba yake.

Hapo twaweza kudhani kwamba jibu limepatikana: inverta itupwe, nyumba irudi kwenye mkondo mnyoofu. Na kwa hakika umeme wa namna hiyo si mgeni nchini Kenya. Tangu katikati ya miaka ya 1980, mafundi walipoanza kufunga paneli katika shule na nyumba za wakulima kandokando ya Mlima Kenya, watu waliwasha taa na televisheni ndogo za picha nyeusi na nyeupe kwa volti 12 za betri. Wasiokuwa na paneli waliibeba betri ya gari hadi mjini ikachajiwe. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza vifaa vya sola kwa malipo madogo madogo ya M-Pesa, navyo vilikuwa vya mkondo mnyoofu, taa, redio na chaji ya simu, bila inverta. Mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wameiaga kandili na koroboi kwa njia hii.

Lakini tulikuwa bado hatujafika kwa dada mkubwa. Tulitoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa, tukashuka Kimilili na Chwele, Mlima Elgon ukiwa kuliani, hadi nje ya mji wa Bungoma. Dada huyu hana inverta hata moja. Taa zake ni za volti 12, redio ni ya volti 12, na friji yake ndogo ni ya volti 12 pia. Katika friji hiyo huweka maziwa, na juisi ya ukwaju na ya pasheni awauziayo wanafunzi. Cherehani yake ni ya kukanyaga. "Mimi sijawahi kulala gizani," alituambia, na nduguye aliyetusindikiza hakuwa na la kumjibu.

Hata hivyo naye alikuwa na lake. Friji hiyo alipoinunua aliiweka jikoni, jiko la nje, kama hatua 30 kutoka chumba cha betri. Mchana ilifanya kazi, usiku ilijizima. Maziwa yaliharibika, na juisi ikachacha. Fundi wa kwanza alisema friji ni mbovu, wa pili akasema betri imekufa. Alinunua betri mpya kwa mkopo, na friji ikaendelea kujizima vilevile. Miezi minne alilipa deni la kitu asichokihitaji.

Ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Umeme wa volti chache, ili ubebe kazi ileile, hupita kwa wingi zaidi ndani ya waya. Friji ya wati 60 kwa volti 240 huvuta robo ya ampea. Kwa volti 12 huvuta ampea 5. Na kadiri ampea zinavyozidi ndivyo waya nyembamba inavyozila volti njiani. Waya ya shaba ya milimita 1.5 za mraba, mita 20 kwenda na mita 20 kurudi, hula karibu volti 2 na nusu kwa ampea 5. Betri ikiwa na volti 12 na kidogo usiku, friji hupokea volti 10 au pungufu, na kidhibiti chake huizima ili isiharibike. Mchana jua huinua volti za betri, nayo huamka. Hakuna friji mbovu wala betri iliyokufa. Kuna umbali tu.

Umbali huo ndio uliomshinda hata Thomas Edison. Mwaka 1882 alifungua kituo cha umeme mtaa wa Pearl Street, New York, kilichotoa mkondo mnyoofu, na taa zikawaka. Lakini umeme ule haukuweza kwenda mbali na kituo bila kupungua. Mkondo geu ulishinda kwa kuwa transfoma yaweza kuupandisha volti usafiri mbali, kisha kuushusha mlangoni mwa mtumiaji. Ugomvi ule wa miji mikubwa ndio ule ule wa jiko la Bungoma.

Dawa zake ni tatu. Ya kwanza ni waya nene: ya milimita 10 za mraba ingelipoteza chini ya nusu ya volti kwa umbali ule ule, ila bei yake ni nzito. Ya pili ni kupandisha mfumo mzima hadi volti 24, kwani ampea hupungua nusu. Ya tatu ni kuisogeza friji. Dada alichagua ya tatu. Friji sasa imo ndani, ubavuni mwa ukuta wa chumba cha betri, mita tatu tu za waya. Haikumgharimu ila vijana wawili wa kubeba na kikombe cha chai kwa kila mmoja.

Basi tuwarudie dada hawa wawili, ambao kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya jibu. Rai yetu, baada ya kuyaona haya, ni kwamba swali lisiwe "kipi bora?" Swali liwe "nini hakiruhusiwi kuzimika nyumbani mwangu, na nini chaweza kungoja?"

Vitu vidogo vinavyotakiwa kila usiku, yaani taa, chaji ya simu na redio, viunganishwe na betri moja kwa moja kupitia kidhibiti chake. Havihitaji nguvu nyingi, hivyo waya ya kawaida yatosha iwapo nyumba si pana. Vitu vinavyodai volti 240, kama vile nebulaiza, televisheni ya kawaida, blenda na cherehani ya umeme, vipewe inverta, lakini inverta iwe na swichi karibu na mkono wa mama wa nyumba, iwashwe kwa haja na kuzimwa haja ikiisha.

Tulirudi na hesabu hiyo Kitale. Taa na simu kwa mkondo mnyoofu ni wati-saa 195. Televisheni kwa saa tatu, pamoja na upotevu na ulaji wa inverta kwa saa hizo tatu tu, ni kama 169. Jumla ni 364 badala ya 638. Siku ya mawingu, yenye 300 za paneli, upungufu ni 64 tu, na akiba ya 600 yaweza kustahimili zaidi ya juma zima. Televisheni ikizimwa siku hizo, upungufu hakuna kabisa. Nebulaiza hukuta betri iliyoshiba. Kilichonunuliwa ni glopu sita za volti 12, waya, swichi na fyuzi. Inverta ni ile ile, ila sasa yajua kulala.

Kuna walioolewa katika nyumba kubwa zaidi, wenye friji kubwa, pampu ya kisima na mashine za kazi. Kwa hao inverta iwashwe daima haina budi, na mfumo uwe wa volti 24 au 48, paneli na betri zikiongezwa kwa kadiri hiyo. Wenye kutaraji nguzo karibuni nao wana hoja: nyumba iliyotandazwa waya za volti 240 kwa kanuni itaupokea umeme wa serikali bila kubomoa kuta. Tena glopu ya volti 240 hupatikana katika kila duka, ilhali ya volti 12 huenda ukaifuata mjini, kwa hiyo weka za akiba kabatini. Na pasi ya umeme tuisahau katika nyumba ndogo za sola. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ya kunyoosha kanzu za Ijumaa hula wati-saa 500, karibu akiba yote ya betri ya mama yule. Pasi ya mkaa bado ina heshima yake.

Yabaki ya usalama, na hapa twawaomba akina mama wasimwachie fundi kila neno.

Kwanza, volti 12 hazimrushi mtoto akizigusa, lakini betri iliyoguswa na chuma kwenye ncha zake mbili yaweza kuyeyusha waya na kuwasha moto. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwenye kila waya itokayo.

Pili, umeme utokao kwenye inverta huua kama ule wa nguzo. Uwe na waya ya ardhini na swichi ya kujikata.

Tatu, mkondo mnyoofu hutoa cheche ngumu kuzimika pindi swichi inapofunguliwa, kwa kuwa hausiti hata kidogo. Swichi ziwe zilizoandikwa kwamba zafaa kwa mkondo huo.

Nne, nyumba yenye umeme wa namna mbili isiwe na soketi za namna moja. Tuliiona nyumba ambayo volti 12 zilitolewa kwenye soketi ya kawaida ya matundu matatu, kando ya nyingine ya volti 240 inayofanana nayo. Siku moja mgeni atachomeka kitu cha volti 12 kwenye volti 240, na kitawaka moto mkononi mwake.

Tano, betri ya maji isiwekwe chumba cha kulala wala karibu na jiko la moto, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Iwe mahali penye hewa, mbali na watoto.

Sita, fundi aulizwe leseni. Sheria ya Kenya yamtaka fundi wa umeme wa jua awe na leseni ya EPRA, na aliye nayo haoni haya kuionyesha. Aulizwe pia maswali mawili: inverta hii hula wati ngapi ikiwa haina kazi, na volti ngapi zitapotea kutoka betri hadi jikoni? Asiyeweza kuyajibu hayo, msimkabidhi fedha za chama.

Twasema haya kwa kuwa katika nyumba zote mbili kosa halikuwa la umaskini. Dada mmoja alinunua chombo kizuri kisichokuwa na wa kukizima. Mwingine alinunua betri asiyoihitaji kwa sababu hakuna aliyepima waya. Fedha zote mbili zilitoka kwenye jasho la wanawake, shilingi kwa shilingi, sare kwa sare, chupa kwa chupa. Israfu haiji siku zote kwa anasa; mara nyingine huja kwa kutouliza. Mama anayejua idadi ya vikombe vya unga vilivyobaki pipani hashindwi kujua idadi ya wati-saa zilizobaki kwenye betri. Ni hesabu ile ile ya akiba, na yeye ni mjuzi wake wa siku nyingi.

Tulipoondoka Kitale jua lilikuwa limekuchwa. Taa za nyumba zilikuwa zimewashwa, na inverta ilikuwa imezimwa, kimya juu ya rafu yake. Mama alikuwa amebandika karatasi ukutani, kando ya swichi, kwa mwandiko wake wa daftari la ushonaji: "Washa kwa haja. Zima ikiisha. Ya mtoto kwanza." Kijana wake alitusomea kwa sauti, neno kwa neno, akatusindikiza hadi njiani.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu nuru na utulivu. Wabillahi tawfiq.